Kimeo cha Goreti

Haltom City, Texas

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na ile dawa ya macho unaitia, au umeificha kabatini mpaka uzidiwe? Sisi huku tu wazima, tunakula, tunafanya kazi, Mungu anatusogeza. Kwa kuwa simu huisikii vizuri tena, nimeona niandike, wifi akusomee. Wifi, tafadhali msomee mkiwa wawili tu, maana habari yenyewe inamhusu binti yangu na sitaki ifike sokoni kabla yenu.

Mama, Goreti anataka kuwa afisa wa jeshi. Najua hapo umeshika kifua. Mimi nilishika pia. Jeshi halijawahi kubisha hodi kwetu kwa heri, na wewe ndiye uliyenibeba mgongoni tukivuka mpaka kuwakimbia watu wenye magwanda. Lakini huku wana utaratibu wao: jeshi linamlipia kijana chuo kikuu, anasoma masomo yake ya kawaida huku akifundishwa gwaride na uongozi, na akihitimu anaapishwa kuwa luteni usu, kisha analitumikia miaka kadhaa. Goreti yuko chuo kule Houston, anasomea uhandisi. Aliishindania nafasi hiyo akaipata. Kilibaki kupimwa afya tu.

Daktari wao akammulika kooni, akaona hana kimeo, akamwita mwenzake naye amulike. Wakamuuliza alipasuliwa lini. Akasema hajawahi. Wakamuuliza tena, safari hii kwa sauti nyingine. Kumbe huku anayekatwa kimeo ni yule mwenye ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, na mwenye ugonjwa huo jeshi halimtaki. Basi wakaona msichana huyu anaficha maradhi.

Ingeishia hapo ingekuwa nafuu. Wakampigia simu baba yake. Mkweo unamjua. Kule kambi ya wakimbizi tulifundishana sote: mtu wa ofisi akikuuliza, jibu kidogo, na ukiweza jibu hapana. Damasi akajibu hapana kila swali. Mtoto hakuumwa, hakukatwa, hakuguswa na mtu. Alipokata simu akaniambia ameshamsaidia binti yake. Nilitamani nimchape na mwiko.

Goreti alinipigia nikiwa kazini, pale hotelini Irving, nimekumbatia mashuka ya kufua. Kiswahili chake unakijua. Akasema, "Mama, wana-think ninadanganya. Nini ili-happen kooni kwangu?" Nikamweleza kwamba alikuwa mchanga, anakohoa, anatapika maziwa, majirani wote wakasema ni kimeo, mimi nilikuwa nimelazwa, bibi yake akampeleka kwa mzee wa kukata vimeo.

"Kwa hiyo mlinikata," akasema, "na hakuna mtu aliniambia."

Nikamuuliza nani angemwambia, jambo lenyewe kwetu ni kama kutoga masikio. Akaanza kulia. Nikalia naye, nikajifuta kwa shuka la wageni.

Jumapili baada ya misa, Damasi, kwa aibu yake, alichukua tochi ya simu akaanza kuwamulika Warundi wenzetu kooni ili awapige picha za ushahidi. Ungewaona watu wazima walivyopanua vinywa ukumbini! Karibu wote hawana. Mzee mmoja akakutwa nacho, watu wakamtazama wakimshuku kwamba hakulelewa na sisi. Tulicheka mpaka machozi. Picha hizo hakuna aliyezitaka.

Aliyetusaidia ni Wambui, muuguzi Mkenya wa Sugar Land, jirani na Houston, anayemtazama Goreti kama mwanawe. Alimpeleka kwa daktari wa koo, akalazwa akapimwa pumzi akiwa usingizini, wakakuta ni mzima kabisa. Lakini bado haitoshi. Wambui alisema, "Hiyo kitu nimeiona sana nyumbani, lakini hawa watu hawaijui. Sasa baba yake amekana, wanataka yule alimpeleka mtoto aseme mwenyewe."

Huyo ni wewe, mama. Eleza mtoto alikuwa anaumwa nini, ulimpeleka kwa nani, akamkata kwa nini, na baadaye alilala vipi. Wifi aandike, nawe utie dole gumba. Usiseme hukumbuki. Najua zahanati walivyokuwa wakiwagombeza kwa hayo mambo, lakini hakuna atakayekuja kukugombeza. Wamempa Goreti mpaka mwisho wa mwezi tu.

Sasa nikuambie linalonila. Ukinyamaza, nafasi inapotea, mwanangu anavua gwanda, na mimi nalala usingizi. Nimeliwaza hilo, mama, si mara moja. Vita ikizuka popote duniani, wanaweza kumpeleka. Alipokuja likizo alikuja amevaa sare yake ya mafunzo. Nilifungua mlango nikarudi nyuma, miguu ilirudi yenyewe kabla sijaona ni nani. Naye aliona. Akavua kofia, akabaki amesimama nje mpaka nilipomwita kwa jina. Baada ya kula, tukiwa tunaosha vyombo, akaniuliza, "Mama, unataka niipate hii nafasi, ama unataka niikose?"

Nikamwambia nataka aipate. Akanikumbatia, mikono ina povu. Mpaka leo sijui kama nilisema kweli.

Nisalimie kaka Yohana na watoto wake, na shangazi mdogo aliyenitunza nilipotoka hospitali. Msalimie padre, aniombee. Na yule mzee wa vimeo, kama bado yu hai, mwambie kazi yake imekaguliwa na madaktari wa jeshi la Marekani.

Damasi anakuamkia, anaona haya kuandika mwenyewe.

Mama, jibu upesi. Ukichelewa nitafurahi, na Goreti ataiona furaha hiyo usoni mwangu.

Ni mimi mwanao,
Konsolata