Mfuniko wa Chemba Ulioshushwa Bila Mama Kujua

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: binti mkubwa wa mlalamikaji
Umri: miaka 47
Kazi: karani wa stoo ya vitabu
Makazi: nyumbani kwa mama yake, nyumba ya tatu kutoka kituo cha mafuta
Yameandikwa: Ijumaa, tarehe 15 Machi, saa tatu asubuhi

Mnamo Alhamisi, tarehe 14 Machi, asubuhi ilikuwa na mawingu mepesi na upepo kidogo, mvua hakuna. Saa ninazozitaja nimezitoa kwenye shajara yangu.

Nyuma ya nyumba yetu kuna bustani. Katikati ya njia ya kutoka barazani kwenda kwenye matuta ya mboga ya mama kuna chemba ya maji machafu. Mfuniko wake wa chuma ulikuwa juu ya ardhi kwa sentimita kumi na nane. Marehemu baba aliujenga hivyo kwa makusudi, maana alipanga kuleta malori ya udongo ainue bustani nzima. Udongo haukuletwa. Baba alifariki miaka kumi na tisa iliyopita, na tangu hapo mama hakuruhusu mtu auguse mfuniko ule. Akiulizwa husema, "Udongo utakuja."

Mwezi wa Agosti mama alijikwaa hapo akavunjika nyonga. Sasa anatembea kwa kigari cha kushikilia. Kwa miezi saba hakufika kwenye matuta yake, aliyatazama dirishani tu.

Niliamua kuushusha mfuniko bila kumwambia, ili aukute umeshashuka. Nikamwita fundi mwashi, mtu mpole. Nilimwambia, "Fundi, hata kufa, mama asijue." Akajibu, "Dada, mimi na mdomo wangu tunaheshimiana."

Saa moja na nusu asubuhi mdogo wangu wa kiume alimpeleka mama kliniki ya mazoezi. Dakika kumi baadaye fundi akaanza. Aling'oa fremu ya chuma, akabomoa mistari miwili ya matofali, kisha akairudisha fremu juu ya saruji mbichi na kuipima kwa pima maji mara nne. Pete ya kuinulia mfuniko ilikuwa imeliwa na kutu, kwa hiyo saa nne na robo aliufunga mfuniko kwenye baiskeli aupeleke kwa mchomeleaji. Mimi nilikuwa dukani nikinunua rangi ya kuzuia kutu.

Niliporudi, saa nne na dakika thelathini na tano, nilikuta shimo limefunikwa kwa mbao. Jirani yetu fundi cherehani akachungulia juu ya ukuta.

"Shoga, ulikuwa wapi? Mama yako kakamata mwizi!"

"Mama yupi?"

"Unao wangapi? Kasimama getini na kigari chake, kapiga ukunga mpaka polisi wa doria wakaja mbio!"

Kumbe mazoezi yaliahirishwa. Mdogo wangu alimshusha mama getini akaenda zake, na ndipo fundi akatokeza na mfuniko wetu.

Nilifika kituoni saa tano kasoro dakika tano. Fundi alikuwa kwenye benchi, mfuniko miguuni pake. Mama alikaa mkabala naye, hapepesi macho.

"Njoo umwone, mwanangu," mama akasema. "Sura ya upole, kumbe jizi. Kachukua chuma cha baba yenu!"

Koplo akaniambia, "Tunamuuliza nani kakutuma, anasema, 'Siwezi kusema, nimeahidi.' Miaka kumi na moja kazini, sijasikia utetezi wa namna hii."

Nilimuuliza fundi kwa nini hakujieleza.

"Dada, si ulisema hata kufa? Hapa ni mahabusu tu."

Alisema hivyo akitabasamu. Akaninong'oneza kwamba Jumatatu anatakiwa kuripoti kwenye kazi ya kujenga madarasa, na mkandarasi hapokei mtu mwenye kesi. Hapo nilieleza ukweli wote mbele ya koplo na mama. Nilisema kosa ni langu.

Mama aliutazama mfuniko miguuni pa fundi.

"Umeshuka?"

"Umeshuka, mama."

"Sawa na ardhi?"

"Sawa na ardhi."

"Miaka kumi na tisa nasubiri udongo upande, kumbe mfuniko ungeweza kushuka!" Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akamgeukia koplo. "Afande, naomba nirudishiwe mwizi wangu. Ana kazi kwangu."

Koplo alimwachia fundi kwa dhamana ya mama, pamoja na mfuniko. Alisema jalada limeshafunguliwa, halifungwi mpaka nije kuandika maelezo.

Saa kumi jioni fundi alirudi na mfuniko wenye pete mpya, akauweka. Saruji ilikuwa bado haijashika, akasema bibi asubiri hadi kesho. Mama akasema amesubiri vya kutosha. Basi fundi akalaza mbao mbili ndefu juu ya chemba, ncha zake kwenye ardhi kavu, fremu isiguswe. Nilinyoosha mikono kumshika mama.

"Niache. Leo nimekamata mwizi, nitashindwa na mbao?"

Alifika kwenye matuta saa kumi na dakika ishirini na mbili. Aliomba kiti, akakataa kurudi ndani mpaka jua lilipozama. Alichuma fungu la mboga kwa mkono wake akampa fundi: "Chukua. Hii ya kukamatwa bure." Fundi alifuta uso kwa kofia.

Naomba fundi huyu asibaki na doa lolote kwenye kumbukumbu za kituo. Hakuiba kitu. Alitunza siri yangu kuliko nilivyostahili.

Furaha ilinichelewesha kupata usingizi. Nililala saa tano na dakika kumi usiku.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na, kwa sehemu kubwa, niliyoyasababisha mwenyewe.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya koplo: Shahidi amesomewa maelezo yake, amesahihisha dakika mahali pawili, amekubali ni ya kweli. Mlalamikaji amefuta malalamiko. Jalada limefungwa leo saa nne na nusu. Fundi amekabidhiwa barua ya kituo kwamba hana kesi, aiwasilishe kwa mkandarasi Jumatatu.