Chumba Changu cha Kuona Bahari

Ankica shosti, uko? Nimejifungia bafuni.

Si unajua mama kila kiangazi hupangisha chumba changu kwa watalii, mimi nalala jikoni? Leo kanipa mashuka. "Tandika vizuri, wanakuja maharusi." Nikatandika.

Gari likasimama. Anashuka Frane! Frane aliyeniacha! Na mkewe!

Na mama ALIJUA. Tangu Machi walikuwa wanapanga likizo hii kwenye simu, yeye na Frane! Namuuliza, ananiambia, "Punguza sauti. Mgeni mzuri yule, na chumba anakijua."

CHUMBA ANAKIJUA!

Bibi harusi kashika shuka: "Jamani, nani katarizi?"

Mama, bila haya: "Mimi, mwanangu. Niliyatarizi kwa ajili ya harusi."

Harusi YANGU, Ankica. Na huyo huyo Frane.