Sauti ya Bibi kwenye Spika

Njombe, Jumanne usiku

Mume wangu! Bado naona raha kuliandika neno hilo, hata usiku huu wa hofu.

Nilitaka huyu mume wangu, Joeli, akirudi kutoka Makambako akute video ya harusi yetu imekamilika. Yeye alinifundisha renice tu, amri ya kompyuta ya kuipa kazi moja kipaumbele kidogo. Mimi, kwa haraka ya mapenzi, nikatumia chrt, amri kali zaidi, nikaipa kazi ya video daraja la juu kabisa huku hotuba ya marehemu bibi yangu, iliyorekodiwa kabla hajafariki, ikicheza.

Kompyuta ikaganda. Ukungu ulikuwa umeziba dirisha. Kwenye spika bibi akaanza salamu yetu ya kamwene kwa vipande: "Ka... mwe... ne..."

Nikampigia Joeli.

"Usizime, mpenzi! Tutampoteza bibi, nakala ni hiyo moja. Kazi moja imemeza mashine nzima. Irudishe daraja la kawaida: chrt -o -p 0, kisha namba ya kazi hiyo."

Herufi nilizoandika zilijitokeza kwa kusitasita. Nikabonyeza. Bibi akasema wazi, bila kukatika: "Fungeni mlango, wanangu."

"Tumesikia, bibi," Joeli akajibu kwenye simu, akicheka.

Jioni Joeli amerudi, tumeisikiliza hotuba yote, tumeshikana mikono. Hakuna mahali bibi alipotaja mlango.

Joeli hacheki tena. Ameinuka kutazama komeo la mlango.