Kalamu Niliyoing'arisha

Wadi Kabir, Muscat

Kwako Baba,

Nakuona umekaa kwenye kiti chako cha kamba nje ya karakana, miwani imeteremka puani, unajifanya husomi huku unasoma. Goti linaendeleaje? Mama ameniambia umeacha dawa ya hospitali ukarudi kwenye majani yako. Sitagombana nawe kwa barua. Mimi ni mzima, nakula na kulala, ila joto la huku limeanza tena na saa mbili asubuhi mtu tayari amelowa jasho. Bado naishi na wale wasichana watatu, gereji kulia na gereji kushoto, na kila siku napanda basi dogo kwenda dukani Qurum.

Najua utauliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu wewe husema "ndiyo, ndiyo" hata usiposikia kitu. Halafu nina kosa la kukuungamia, na ni kosa nililolifanya kwa kazi uliyonifundisha wewe, ya kung'arisha mbao. Kosa la namna hiyo halisemwi huku mtu anapiga kelele "unanisikia?"

Duka letu nilikueleza juu juu tu. Tunauza kalamu za wino kutoka Japani, zile zinazotengenezwa kwa mkono. Hazipakwi vanishi. Hupakwa utomvu wa mti, tabaka moja, likikauka linasuguliwa, kisha jingine, hata miezi inapita kalamu moja haijaisha. Nyingine zina ndege na mawimbi ya vumbi la dhahabu, linanyunyizwa utomvu ukiwa bado mbichi. Na utacheka, Baba: utomvu huo haukauki kwa upepo. Huwekwa kabatini penye unyevunyevu ndipo ukauke. Wewe uliyetufokea miaka yote tufungue madirisha ungefukuzwa kazi siku ya kwanza.

Wateja wetu wengi hawaandiki kwa kalamu hizo. Wananunua wakaziweke kwenye makasha, wazitoe wageni wakija. Mwenye duka, Mzee Seif, hakuwasema vibaya, lakini yeye mwenyewe alikuwa na kalamu moja tu mfukoni, nyeusi tupu, isiyo na dhahabu wala picha. Aliniambia, "Hizo za kutizamwa, Nafula. Hii ya kazi." Alizaliwa Zanzibar akaletwa huku mdogo, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu hata nikawa namuuliza maswali ambayo majibu yake nayajua.

Mzee Seif alifariki mwaka huu. Nilikwambia, ukasema nimpe mkewe pole yako, nikampa. Mkewe, Bi Thuwaiba, akakaa eda nyumbani kwao mtaa wa Hail, miezi minne na siku kumi kama dini yao inavyotaka, hatoki ila kwa dharura. Mimi nikabaki na duka. Kila Alhamisi nilikwenda kwake kumweleza mambo ya wiki. Hakuuliza sana. Mara nyingi alininywesha kahawa tukakaa tu.

Eda ilipokaribia kwisha akaniambia, "Ile kalamu ya marehemu imo kwenye mtoto wa meza yake. Niletee siku nkitoka eda. Nnataka iwe kitu cha kwanza kukishika."

Hapo ndipo kichwa chako kikaingia kwenye kichwa changu, Baba. Niliitoa ile kalamu nikaishika kwenye mwanga kama ulivyonifundisha. Ilikuwa nyeusi iliyofifia, kama ubao wa darasa uliofutwa. Lakini chini, mahali vidole vinaposhika, palikuwa na mabaka matatu yanayong'aa. Nikasikia sauti yako: mwanga upite juu ya kazi bila kujikwaa. Juu ya kalamu ya Mzee Seif ulijikwaa mara tatu. Nikaona aibu kumpelekea mjane kitu chenye mabaka.

Basi nikafanya kazi. Nilichukua majivu ya chetezo, kile tunachofukizia ubani dukani asubuhi, nikayachekecha kwa kitambaa mara nne mpaka yakawa laini kama unga wa mtoto. Nikatia matone ya mafuta, nikachana fulana kuukuu, nikasugua kwa miduara midogo bila kukandamiza. Siku tatu, kila mteja akitoka. Ilipokwisha, kalamu nzima ilikuwa inang'aa sawasawa, niliona meno yangu humo. Nakwambia kweli, nilijivuna. Nilitamani uwe hapo uitafute kasoro.

Siku ya eda kwisha nyumba ilijaa wanawake. Bi Thuwaiba alikuwa ameoga, amevaa kanga mpya, ananukia udi. Akaniita chumbani, akafungua kasha. Halafu akasema, "Hii siyo."

"Ndiyo hiyo hiyo, Bibi. Nimeisafisha."

Akaigeuza. Akaishika kama mtu anayetaka kuandika, kidole gumba, cha shahada, cha kati, akavisogeza juu na chini akitafuta. Ndipo nilipoelewa, Baba, kabla hajafungua mdomo. Yale mabaka hayakuwa uchafu wala kasoro ya fundi. Kalamu ilitoka Japani bila kung'aa, na vidole vya Mzee Seif ndivyo vilivyoing'arisha, pale tu alipoishika, kwa miaka yote aliyoandika.

"Palikuwa na pahala pake hapa," akasema. "Akenda kuswali nlikuwa nkimwibia kalamu yake nkaandika orodha ya sokoni. Vidole vyangu vikiingia pale pale. Miaka thalathini, Nafula. Haikuwa chafu."

Nilipiga magoti nikaomba radhi na yeye akaniambia ninyanyuke, wageni wanasubiri chakula. Nilibeba sinia na watu wakanishukuru. Kwenye basi la kurudi nililia mbele za watu, na wewe unajua mimi si mtu wa kulia.

Siku nne hakuja dukani. Nilipanga nguo zangu kwenye begi, nikijua nikiachishwa kazi itabidi nirudi. Lakini kufukuzwa siko kulikonitia uchungu. Mzee yule alikuwa amemwachia mkewe nyumba, duka na makasha ya dhahabu, na kile kidogo alichomwachia bila kukusudia nimekifuta mimi kwa majivu na fulana.

Siku ya tano akaja. Akakaa kwenye kiti cha mumewe, akaitoa kalamu. Nikamwambia tunaweza kuirudisha Japani, fundi ataifanya isiyong'aa kama mwanzo.

"Ataifanya," akasema. "Na vidole vya Seif atavitoa wapi?"

Akaiweka kalamu mezani.

"Sina ghadhabu nawe, mwanangu. Nlikuwa nazo, zimeondoka. Nani alokufunza kazi hii?"

"Baba yangu, Bibi."

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Basi mwandikie. Mwambie mkono wako mzuri, nimeuona. Na kosa si lake." Kisha akafungua daftari la duka akaanza kuandika kwa kalamu ile ile, polepole. Tangu siku hiyo huandika nayo kila asubuhi. Mimi siigusi.

Basi nimeandika, kwa biki yangu ya kawaida. Barua nampa Atieno, tunayelala naye chumba kimoja, anayekuja likizo. Ijumaa anasafiri na Jumapili atapita Webuye kabla hajaenda kwao.

Msalimie Mama, mwambie nimepata vile viatu anavyovitaka na Atieno anavyo. Msalimie shangazi Nasimiyu, na fundi Wanyama jirani yetu, mwambie bado sijaolewa na Mwarabu, aache kuniulizia. Na Barasa ndugu yangu, mwambie kitambi chake nimekiona kwenye picha.

Kuhusu Barasa, Baba, liko jambo, na ndilo lililonifanya nishike karatasi. Mwezi uliopita alinipigia akasema anataka kuifanya karakana iwe mpya, akushtukize siku ya kufungua. Akaniuliza alifanyeje benchi lako. Nikamjibu haraka haraka, kama mtu anayejua: lipige randa mpaka liwe sawa, kisha vanishi. Nimempigia tena kumwambia aache. Akacheka, akasema ubao umechimbika, utaharibu kazi, na kama benchi lisiguswe basi aambiwe na mwenye benchi. Amekubali kusubiri mpaka Jumapili.

Nisamehe kwa kuuvunja mshituko wake. Najua na wewe ukiulizwa utasema fanyeni mnavyotaka, nimezeeka. Usiseme hivyo safari hii. Lile shimo la upande wa kushoto, pale kiwiko chako cha kushoto kilipokaa miaka yote ukisugua kwa mkono wa kulia, mimi nilikuwa naweka yai langu la kuchemsha humo nikikuletea chai, na halikuwahi kubingirika. Mwambie Barasa alete benchi jipya akitaka, alipige randa ling'ae mpaka aone kitambi chake. Lako aliache lilivyo.

Nikija nitaleta yai.

Binti yako,
Nafula