Kikombe cha Mama Mdogo

Matisi, Kitale

Mama mpendwa,

Nakusalimu nikiomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako. Goti linaendeleaje? Na Baba, kikohozi kimepoa? Sisi tunapumua. Naandika kwa sababu simu yako huiweka sauti ya juu hadi jirani anajibu kabla yako, na haya si ya jirani. Keti kwanza.

Mimba ina miezi sita. Mtoto anacheza vizuri, lakini kliniki wamenipa habari mbaya. Nesi aliniuliza kama kuna mtoto aliyewahi kufa kwetu. Nikamweleza juu ya ndugu yangu Wekesa: mikono iliyovimba, macho ya manjano, kilio cha mifupa kila baridi ilipoingia. Akaacha kuandika. Akataka damu yangu na ya mume wangu. Barasa aligoma: "Si mimi niko mzima? Nipimwe nini, bana?" Nilimnunia mpaka akaenda.

Ugonjwa wenyewe unaitwa selimundu. Ni wa kurithi. Chembe za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa. Mimi na Barasa tumeubeba wote wawili bila kuugua. Mtoto akiuchukua kwangu na kwake pia, atakuwa kama Wekesa. Daktari anasema kwa kila mimba ni mmoja kati ya wanne. Kuna kipimo cha kuchomwa sindano tumboni, watoe maji yanayomzunguka mtoto, lakini ni mpaka Nairobi, na mimba inaweza kuharibika. Tulikataa. Tutajua akizaliwa. Kwa sasa nameza vidonge, nalala ndani ya neti, na kila akipiga teke nashindwa kufurahi. Naogopa, Mama. Siku ile uliposema akiwa mvulana tumwite Wekesa, simu ikakatika, haikuwa mtandao. Ni mimi niliyekata.

Sasa sikia lililo gumu. Wekesa aliupata kwako na kwa Baba. Hamkujua, wala siwalaumu kwa hilo. Lakini hakulogwa.

Unakumbuka mke mwenzako, Mama Mdogo Nasimiyu, alivyokuwa akimfunika blanketi na kumnywesha maji, kikombe baada ya kikombe? Kile kikombe ndicho mlichosema kina sumu, mkamwita mchawi mbele ya watu wa huko Bumula, mkamfukuza na nguo alizovaa tu. Basi nesi alipoanza kunifundisha kumtunza mtoto wa namna hii, la kwanza lilikuwa hilo: apate joto, anywe maji mengi. Nililia pale pale. Nesi akadhani namlilia mtoto.

Yuko hapa Kitale, Mama. Anauza makaa mtaa wa Kipsongo. Nilimfuata nikamweleza yote. Nilidhani atanitukana. Aliendelea kujaza makaa kwenye mkebe, kisha akauliza, "Ati ilikuwa damu tu? Na watu wa Bumula, nani ataambia wao?" Akafuta mikono kwa leso, akanishika tumbo, akauliza kama nakunywa maji ya kutosha.

Nimemwomba awe nami nikijifungua, na amekubali. Wewe pia nakutaka, siwezi kuzaa bila mama yangu. Lakini hapa ni chumba kimoja, na yeye ndiye atakayekufungulia mlango. Kwa hiyo kabla hujaja, lile neno mlilolisema mbele ya watu wa Bumula, mkalifute mbele ya watu hao hao, wewe na Baba.

Nisalimie Baba, umsomee hii mpaka mwisho. Msalimie kaka yangu pale kwenye duka lake la mbolea, na nyanya aliyenilea, mwambie bado najifunga kanga aliyonipa.

Mtoto anaweza kuzaliwa mzima, naomba hivyo kila siku. Lakini akizaliwa mgonjwa, atalia alivyolia Wekesa, na kati yako na Mama Mdogo ni mmoja tu aliyewahi kumnyamazisha.

Nakungoja, Mama.

Binti yako,
Nafula