Pini Zilizobaki Katika Sura ya Mwisho

Leo ni tarehe 9 Agosti 2025. Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipotutoka, binti yetu, fundi cherehani uliyeitwa Bi Pini na wateja kwa kuwa midomoni mwako hazikukosekana pini tatu au nne.

Tunakukumbuka ukiwa kwenye cherehani, simu imeegemezwa kwenye kopo la vifungo, ukisikiliza vitabu vya kale vinavyosomwa bure mtandaoni na watu wanaojitolea. Ulisema mikono ina kazi, lakini masikio yamekaa bure. Mteja aliyekuja kupunguziwa suruali aliondoka na nusu ya hadithi. Wengine walirudi kabla nguo haijawa tayari, wakisingizia kipimo, ili wajue kama yule mjane wa hadithini alishinda kesi.

Kisha nawe ukajitolea kuwasomea watu kitabu cha sura kumi na mbili. Ulirekodi ndani ya kabati, katikati ya magauni ya wateja, kwa sababu kitambaa humeza kelele za barabarani. Kurasa ulizichoma pini: moja mahali pa kuvuta pumzi, mbili mahali pa kutua. Mama yako, aliyekuwa ameanza kisomo cha watu wazima, alijifunza zaidi kwa pini hizo kuliko kwa ubao. Siku ya kwanza kukusomea alitamka kila mkato na kila nukta, kama mwalimu wake alivyofanya kwenye imla, nawe ukacheka hadi ukashika ukuta.

"Nukta haisomwi, Mama," ukamwambia. "Inapumuliwa. Jifunze upesi, sura ya mwisho nakuachia wewe."

Alidhani ni utani.

Katika sura ya saba kikohozi chako kinasikika. Ulikataa kukifuta, ukasema hata watu wa kisa hicho lazima walikohoa. Tangu siku hiyo mama yako alisimama nje ya kabati kila uliporekodi, roho mkononi, akisikiliza kifua chako badala ya hadithi. Ulifika sura ya kumi na moja. Ya kumi na mbili, ile ya mwisho, hukujaliwa kuifikia.

Baada ya mazishi hakuna aliyethubutu kukusikiliza. Mwezi uliopita msimamizi wa wasomaji akatuandikia kwa upole kwamba kitabu kisichokamilika hakitolewi kwa watu, na kikilala muda mrefu hufutwa. Kwa heshima yako wangekingoja hadi leo. Kaka yako anayo nakala kwenye simu yake, lakini sote tulijua kwamba ulikuwa ukiwasomea watu, si simu ya kaka yako. Yeye, msomi wetu, alijaribu mara tatu kuisoma sura iliyobaki. Kila mara sauti ilimkatika kwenye sentensi ya pili. Akamtazama mama.

Mama yako aliogopa. Aliogopa neno refu litakalomkwama kooni watu wakisikia. Aliogopa sauti ya mwanafunzi wa ngumbaro kukaa karibu na yako. Zaidi ya yote aliogopa kwamba akiisoma sentensi ya mwisho, kitabu kitakwisha, nawe utakwisha nacho. Siku tisa alilizunguka kabati kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka baba yako akamwambia, "Mama Pini, mlango huo hauumi."

Juzi aliingia. Gauni moja ambalo mwenyewe hajalifuata lilikuwa bado linaning'inia. Alipofungua sura ya mwisho alikuta umekwisha kuichoma pini: moja, moja, mbili. Akaanza upya mara sita. Alivuta pumzi pale ulipomwelekeza avute. Kwenye ukurasa wa nne, pini zikaisha katikati ya mstari.

Alinyamaza. Kimya hicho kimo kwenye rekodi. Tumekiacha, kama ulivyokiacha kikohozi chako. Kisha akapumua mwenyewe, akaendelea hadi mwisho.

Bado anaogopa. Kitabu kinatolewa leo, naye hajathubutu kukisikiliza.

Unakumbukwa na baba yako fundi saa, mama yako, kaka yako, shangazi yako aliyekununulia cherehani ya kwanza, na wateja wako wote. Hutatoka vinywani mwetu, wala masikioni mwetu, siku zote tutakazojaliwa.

Nawe uliyesoma hapa: kitabu ni cha bure, wasomaji wake wameandikwa Bi Pini na Mama. Kisikilize, kisha mpe na mwenzako, ili siku mama yake Bi Pini atakapothubutu kukisikiliza, asikifikie kimya kile peke yake.