Kulungu Kwenye Theluji

Mjukuu wangu Salma,

Hatujambo huku Birmingham. Mwanangu kaota jino, ananing'ata akinyonya. Najua unacheka kuwa na bibi anayenyonyesha, lakini bibi yako ni dada yangu, utafanyaje?

Umeuliza kama uache masomo kwa kuwa umefeli. Msimu uliopita wa baridi nilikwenda peke yangu kuwinda kulungu, bunduki na kibali ninavyo. Mume wangu, babu yako, akanicheka: "We mama, bucha zimejaa hapa mtaani Sparkbrook!"

Nikafuata nyayo za kulungu mmoja kwenye theluji. Kila nilipoharakisha, alinisikia akakimbia. Basi nikawa nasimama kila anapoinua kichwa, miguu imekufa ganzi, ila kurudi mikono mitupu nilikataa. Jioni nikamkaribia. Nikasema bismillahi, nikafyatua, akaanguka palepale.

Siku ile nilisimama kuliko nilivyotembea, na muda wote nilikuwa nawinda. Nawe kwa kufeli umesimama tu, mama.

Bibi yako akupendaye,
Mwanaidi